Barabara Ndiyo Inayoendesha

Mtu aliyezoea foleni za Ubungo au za Mombasa Road akifika Marekani, kinachomshangaza zaidi si wingi wa magari wala madaraja yaliyopandiana angani. Ni makutano madogo ya mitaa ya makazi, yasiyo na taa, yasiyo na trafiki, yasiyo na tuta hata moja, yenye kibao chekundu cha pembe nane kila upande. Magari manne yanafika, manne yanasimama, kisha yanaondoka kwa zamu: aliyefika kwanza anatangulia, na wawili wakifika pamoja, aliye upande wa kulia ndiye mwenye haki. Hakuna honi, hakuna anayechomekea. Nimeyatazama makutano ya namna hii Houston, Atlanta, Los Angeles na Chicago, mchana na usiku, na zamu ile hufuatwa kana kwamba askari amesimama pale. Basi la njano la shule likisimama, likawasha taa nyekundu na kufungua kibao chake cha pembeni, husimama magari yaliyo nyuma yake, na katika barabara isiyo na tuta la katikati husimama pia yanayotoka mbele, mpaka mtoto wa mwisho awe amevuka. Katika barabara kuu, foleni iwe ndefu namna gani, ukingo wa barabara hubaki mtupu. Kule kutanua tunakokujua Dar es Salaam ni nadra kukuona. Msafiri huyaona haya, hurudi nyumbani na huhubiri: wenzetu wamestaarabika, sisi tatizo letu ni madereva.

Nilikwenda nikiwa nayaamini mahubiri hayo. Niliyaacha kwa sababu hayakubaliani na hesabu ya vifo. Kwa takwimu za serikali ya Marekani yenyewe, watu 42,514 walikufa barabarani mwaka 2022, na 7,522 kati yao walikuwa waenda kwa miguu. Mwaka 2009 waenda kwa miguu waliokufa walikuwa 4,109. Ndani ya miaka 13, katika nchi yenye fedha, hospitali, magari mapya na madereva wanaosubiri zamu, vifo vya watembeao kwa miguu viliongezeka kwa zaidi ya asilimia 80. Ukigawa vifo vyote kwa idadi ya watu, unapata karibu 13 kwa kila watu 100,000, wakati Uingereza na Japani hazifiki 3. Ni kweli kwamba Afrika Mashariki hali ni mbaya zaidi ya hiyo, na sitaki kulificha hilo. Lakini ikiwa ustaarabu wa dereva ndio unaookoa maisha, Marekani ingepaswa kukaa karibu na Japani, nayo imebaki mbali sana. Inabidi tutafute sababu mahali pengine, nami nimeshawishika kwamba iko chini ya magurudumu: katika upana wa barabara, urefu wa kona, umbali kati ya kivuko na kivuko, na sheria zilizoamua vitu hivyo kabla dereva hajazaliwa.

Mitaa ile ya vibao vyekundu, inayomvutia sana mgeni, si mahali watu wanapofia kwa wingi. Wanafia katika barabara za aina nyingine, ambayo kila mji wa Marekani unayo na ambayo mgeni huipita bila kuitazama kwa sababu haina uzuri wowote. Mfano unaojulikana ni Buford Highway, inayotoka Atlanta kuelekea kaskazini mashariki na kupita Chamblee na Doraville. Ni barabara ya wahamiaji: mabango yameandikwa kwa Kihispania, Kivietinamu, Kikorea na Kichina, na chakula cha pale ni miongoni mwa sifa za Atlanta. Ina njia tatu kila upande na moja ya katikati ya kukatia kona, jumla saba. Nyumba za kupanga ziko upande huu, maduka na vituo vya basi viko upande ule, na umbali kati ya taa moja na nyingine umepangwa kwa ajili ya gari, si kwa ajili ya mama aliyebeba mifuko ya sokoni. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya barabara hiyo haikuwa na njia ya miguu, na watu walichonga vijia vyao katika majani kwa nyayo zao wenyewe. Baada ya vifo vingi, vivuko na njia za miguu vimeongezwa katika baadhi ya sehemu. Hata hivyo umbo lenyewe halijabadilika: ni barabara kuu iliyopitishwa katikati ya makazi, yenye mwendo wa barabara kuu na shughuli za mtaa.

Mhandisi aliyeichora hakuwa mtu mbaya. Alifuata kanuni zilizoonekana kuwa za kitaalamu kabisa. Njia ya gari ilipewa upana wa futi 12, yaani mita 3 na sentimita 66, ili dereva akiyumba kidogo asigonge. Kona zilipewa mzunguko mpana ili lori likate bila shida. Miti iliondolewa pembeni. Kila hatua ilikuwa ya kumhurumia dereva anayekosea, na kila hatua ilimwambia dereva huyo huyo kwamba anaweza kuongeza mwendo. Kisha ikaja kanuni ambayo kwangu ndiyo kiini cha jambo zima: ili kupanga kikomo cha mwendo, wahandisi hupima magari yanavyokwenda pale barabara inapokuwa wazi, hutafuta mwendo ambao magari 85 kati ya 100 hayauvuki, na huufanya kuwa kipimo cha kuandika kwenye kibao. Maana yake ni kwamba barabara pana humtuma dereva aende mbio, mbio hizo hupimwa, kisha huandikwa kuwa sheria. Dereva mtiifu wa Marekani anatii kibao ambacho chenyewe kilitii barabara. Mwongozo wa kitaifa wa alama za barabarani uliotolewa Desemba 2023 umeanza kuilegeza kanuni hii na kuwataka wahandisi watazame pia watu wanaotembea, lakini barabara zilizojengwa chini yake zimeenea nchi nzima.

Mwendo huo una bei inayojulikana. Utafiti wa taasisi ya usalama barabarani ya AAA Foundation uliochapishwa 2011 ulikadiria kwamba mtu anayegongwa na gari linalokwenda kilomita 37 kwa saa ana uwezekano wa kufa wa asilimia 10. Likienda kilomita 68, uwezekano unafika asilimia 50. Barabara za aina ya Buford huruhusu kati ya kilomita 55 na 72, na ni desturi ya dereva wa Marekani kuzidisha maili tano au zaidi juu ya kibao bila kujiona mvunja sheria. Hapo sijataja ukubwa wa gari. Magari madogo ya saluni yamepungua sana madukani; kampuni ya Ford ilitangaza mwaka 2018 kwamba itaacha kuuza karibu saluni zake zote Amerika ya Kaskazini, ibaki na pikapu, SUV na Mustang. Pikapu zake za F-Series zimeongoza mauzo ya nchi hiyo kwa miongo mingi. Boneti ya gari la namna hii humfikia mtu mzima kifuani na humpita kabisa mtoto, kwa hiyo anayegongwa hagongwi miguuni akaangukia juu ya gari. Hugongwa kifuani au kichwani na kulazwa chini. Taasisi ya usalama barabarani ya makampuni ya bima, Insurance Institute for Highway Safety, iligundua mwaka 2023 kwamba magari yenye boneti ya zaidi ya inchi 40, kama mita moja, yana uwezekano wa kuua mtembea kwa miguu ulio juu kwa karibu asilimia 45 kuliko magari yenye boneti fupi iliyoinama. Tena si kwamba Wamarekani waliamka siku moja wakayapenda. Kanuni za matumizi ya mafuta zilizoanza miaka ya 1970 ziliyapa magari yanayohesabiwa kama malori madogo masharti mepesi kuliko saluni, na ushuru wa asilimia 25 uliowekwa mwaka 1964 kwa malori madogo yanayotoka nje uliwalinda watengenezaji wa ndani dhidi ya ushindani. Faida ikawa huko, na matangazo yakafuata faida.

Wapo watakaosema kwamba hivi ndivyo Marekani ilivyo, nchi ya magari tangu mwanzo, na kwamba kuilaumu kwa hilo ni sawa na kuilaumu Zanzibar kwa majahazi. Historia inakataa. Mwanzoni mwa karne ya 20 barabara ya mji wa Marekani ilikuwa ya kila mtu: watoto walicheza, wachuuzi waliuza, tramu zilipita, na gari lililoua mtoto lilizusha hasira ya mji mzima. Mwaka 1923 wakazi zaidi ya 40,000 wa Cincinnati walitia saini ombi la kutaka kila gari lifungwe kidhibiti mwendo kisiliache lipite maili 25 kwa saa, yaani kilomita 40. (Kenya ilifanya jambo linalofanana na hilo kwa matatu zake miaka 80 baadaye, katika kanuni za Waziri John Michuki.) Wauzaji wa magari waliona hatari, wakaendesha kampeni kali, na ombi likaangushwa kwa kura. Tangu hapo mkakati ulibadilika: badala ya kudhibiti gari, adhibitiwe anayetembea. Neno likatumiwa kwa kazi hiyo, jaywalking, ambalo sehemu yake ya kwanza ilikuwa tusi la kumwita mtu mshamba asiyejua mambo ya mjini. Los Angeles ilipitisha sheria yake ya barabarani mwaka 1925, ikamfungia mtembea kwa miguu ndani ya kivuko, na miji mingine ikaiga. Kilichokuwa haki ya kila mtu kikawa kosa dogo la jinai. California imeanza kulirekebisha hilo karibuni tu: tangu Januari 2023 polisi wake hawaruhusiwi kumtoza faini anayevuka nje ya kivuko ila kama kuna hatari ya papo hapo ya kugongwa.

Los Angeles yenyewe, mji unaotajwa kama mama wa magari, ulijengwa juu ya reli. Pacific Electric, ambayo mabehewa yake mekundu yaliwapeleka watu kutoka milimani hadi baharini, ilikuwa kati ya mitandao mikubwa kabisa ya reli za umeme duniani, na njia yake ya mwisho ya Long Beach ilifungwa mwaka 1961. Watu wengi husimulia kwamba General Motors iliua tramu za Marekani. Hiyo ni nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba mwaka 1949 mahakama iliikuta kampuni hiyo na wenzake na hatia ya kula njama ya kuhodhi uuzaji wa mabasi na vifaa kwa makampuni ya usafiri waliyoyashika. Lakini tramu nyingi zilikuwa tayari zinadhoofika, zimekwama katika foleni ya magari yaliyoruhusiwa kupita juu ya reli zake, na nauli zake zimefungwa na mikataba ya zamani. Naitaja nusu ya pili kwa sababu ina funzo kubwa kuliko ya kwanza. Hakuna jahili mmoja wa kumshika. Tramu ilikufa kwa sababu ilinyimwa nafasi yake barabarani, na chombo cha abiria 100 kilichokwama nyuma ya gari la mtu mmoja hakiwezi kushinda, kiwe kizuri namna gani.

Halafu ikaja sheria ya barabara kuu za kitaifa iliyotiwa saini na Rais Eisenhower mwezi Juni 1956: maili 41,000 za barabara, serikali kuu ikilipa asilimia 90 ya gharama. Mji uliotaka reli ulitafuta fedha zake; mji uliotaka barabara uliletewa. Barabara hizo hazikuishia pembezoni mwa miji, ziliingia katikati, na mara nyingi zilipitishwa pale ambapo wakazi hawakuwa na sauti. Detroit walibomoa mtaa wa Hastings, uti wa mgongo wa biashara na muziki wa watu weusi. St. Paul walikata kitongoji cha Rondo, Miami wakakata Overtown, na New Orleans nguzo za barabara ya juu zilisimamishwa pale miti ya Claiborne Avenue ilipokuwa ikiwapa watu kivuli. Anayesimama leo chini ya zege la Claiborne haoni barabara tu. Anaona maduka yaliyokuwapo.

Hapa ndipo pingamizi zito kuliko yote linapoingia, na ni lazima lisikilizwe kwa heshima. Gari liliwakomboa watu. Lilimtoa mkulima katika upweke, lilimpa mwanamke njia ya kwenda atakako bila kuomba ruhusa, na kwa watu weusi wa kusini lilikuwa ngome dhidi ya aibu ya kuketishwa nyuma ya basi. Victor Hugo Green alianza mwaka 1936 kuchapisha kitabu cha mwongozo kilichowaonyesha wasafiri weusi wapi pa kulala, kula na kujaza mafuta bila kufukuzwa. Na mgomo wa Montgomery, ambapo watu weusi walisusia mabasi kwa siku 381 kuanzia Desemba 1955, uliwezekana kwa sababu wenye magari waliyatoa yabebe majirani kwenda kazini. Sina jibu la kulipuuza hilo, wala silihitaji. Lakini tazama wagomaji walichokidai: hawakudai kila mmoja apewe gari. Walidai kiti ndani ya basi. Uhuru walioupigania ulikuwa wa kuchagua chombo, na mji usiokuachia chombo kingine ila gari umekunyang'anya uhuru huo huo. Clarkston, mji mdogo ulio mashariki mwa Atlanta, umepokea wakimbizi wengi wakiwamo Wakongo na Warundi, na Kiswahili husikika madukani. Kwa watu hawa leseni si anasa. Bila gari, kazi nyingi hazifikiki kwa muda unaokubalika. Na gari la mtu wa kipato cha chini lina mkopo, bima, matengenezo na mafuta, vyote vikilipwa kabla ya chakula cha watoto. Nchi nzima, kaya kama nane katika kila mia hazina gari. Katika mji usio na chombo kingine ila gari, kaya hizo huishi kama watu waliozungushiwa ukuta.

Pingamizi la pili ni la jiografia: nchi ni pana, umbali ni mkubwa, watu wanaendesha zaidi, kwa hiyo wanakufa zaidi. Kanada ni pana kuliko Marekani, na Australia haiko mbali. Zote mbili zina vifo vya barabarani chini ya nusu ya vile vya Marekani kwa kila watu 100,000. Ukipima kwa kilomita zinazoendeshwa badala ya kwa watu, bado Marekani inaipita Uingereza zaidi ya maradufu. Tena waenda kwa miguu wanaokufa hawafi katika majangwa ya Nevada. Zaidi ya wanne kati ya kila watano hufia mijini, na wengi usiku. Na kuhusu huko kuendesha zaidi, ni nani aliyeyasogeza mambo mbali? Kwa miongo mingi sheria za miji zilikataza duka katikati ya nyumba, na zililazimisha kila jengo jipya kuwa na idadi maalumu ya maegesho. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba wilaya ya Los Angeles ina nafasi za maegesho milioni 18.6, zaidi ya tatu kwa kila gari, zikichukua asilimia 14 ya ardhi ya miji yake. Donald Shoup, profesa wa UCLA aliyefariki mwaka 2025, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba maegesho yanayoitwa ya bure yamelipiwa na kila mtu, ndani ya kodi ya nyumba na bei ya mkate, hata na yule anayekuja kwa miguu. Ukitembea kutoka duka hadi duka katika kitongoji cha Houston utalielewa hilo kwa miguu yako: unavuka uwanja wa lami ulio nusu tupu, kisha barabara, kisha uwanja mwingine. Umbali ule haukuumbwa na Mungu. Na miji kadhaa imeanza kuzifuta sheria hizo: Buffalo mwaka 2017, Minneapolis 2021, Austin 2023.

La tatu ni kwamba watu hufa kwa pombe na simu, si kwa barabara. Pombe imo katika karibu thuluthi ya vifo, na simu zinaonekana mikononi mwa madereva katika kila taa nyekundu, hayo siyakanushi. Lakini Mwingereza ana simu ile ile na ana baa kila kona. Tofauti ni kwamba baa yake mara nyingi iko mwisho wa mtaa wake, wakati miji mingi ya Marekani ililazimisha kwa sheria hata baa iwe na uwanja wa maegesho. Mji unaomtaka mnywaji aje na gari lake umeamua mapema atarudije nyumbani. Na dereva anayetazama simu kwa sekunde mbili akiwa katika mtaa mwembamba wa kilomita 30 kwa saa atagonga kioo cha gari lililoegeshwa. Akifanya hivyo katika njia saba za Buford, atakuwa amekwenda zaidi ya mita 35 bila kuangalia. Watu watakosea daima. Swali la mhandisi ni kosa hilo litagharimu nini, na nani.

Dawa ya foleni ambayo miji imezoea, yaani kupanua barabara, nayo imejaribiwa vya kutosha. Katy Freeway ya Houston ilipanuliwa kwa gharama ya karibu dola bilioni 2.8 na kukamilika mwaka 2008. Ukihesabu na barabara zake za pembeni, katika baadhi ya sehemu ina njia 26. Ndani ya miaka michache foleni ilirudi, na muda wa safari ukawa mrefu kuliko ulivyokuwa mara baada ya upanuzi, kwa sababu njia mpya zilivuta nyumba mpya mbali zaidi na kila nyumba ilikuja na magari yake. Naliandika hili nikiwafikiria wenzangu wa nyumbani, ambao hupiga picha Katy na kuileta kama ndoto. Wakazi wengi wa Nairobi na Dar es Salaam huenda kazini kwa miguu, kwa matatu au kwa daladala. Kwao barabara pana ni mto wa kuvukwa, si njia ya kupitia. Njia za mwendokasi zilizoanza Dar es Salaam mwaka 2016, pamoja na msongamano na uchache wa mabasi tunaoulalamikia kwa haki, zimelipa basi nafasi yake lenyewe barabarani, kitu kile kile ambacho tramu za Los Angeles zilinyimwa. Tuyadai mabasi zaidi na vituo bora. Tusidai njia 26.

Kama hoja yangu ni ya kweli, basi Mmarekani yule yule, mwenye gari lile lile, akiwekwa katika barabara nyingine atakuwa mtu mwingine. Na ndivyo ilivyo. New York, ambako zaidi ya nusu ya kaya hazina gari na treni za chini ya ardhi zinapita tangu 1904, madereva ni wakali, wanapiga honi, wanabanana; adabu ya makutano ya Houston huioni pale. Lakini mji unawazuia. Kukata kulia taa ikiwa nyekundu, jambo lililoruhusiwa karibu nchi nzima tangu uhaba wa mafuta wa miaka ya 1970, huko kumekatazwa isipokuwa penye kibao cha kuruhusu. Mahali pengine dereva anayekata kulia hutazama kushoto kwa magari yanayokuja, na anayevuka kutoka kulia kwake hamuoni. Tangu tarehe 5 Januari 2025 gari dogo linaloingia Manhattan kusini mwa mtaa wa 60 kwa kawaida hutozwa hadi dola 9 kwa siku. Mgeni angewahukumu madereva wa New York kuwa hawana ustaarabu, na bado New York ina vifo vichache kwa idadi ya watu wake kuliko miji ya wapole kama Houston na Atlanta.

Ng'ambo ya mto Hudson, mkabala na Manhattan, uko mji wa Hoboken, New Jersey, wenye watu kama 60,000. Haukuanza kwa kuwahubiria madereva. Uliondoa maegesho karibu na kona ili dereva na mtembea kwa miguu waonane, ukapanua njia za miguu kwenye makutano ili kivuko kiwe kifupi, ukapaka alama za pundamilia zinazoonekana usiku, na mwaka 2022 ukashusha kikomo cha mwendo hadi maili 20, yaani kilomita 32 kwa saa. Kuanzia mwaka 2017 hadi mwisho wa 2023, miaka saba mfululizo, hakuna mtu hata mmoja aliyekufa kwa ajali ya gari katika mitaa inayosimamiwa na mji huo.